Namna ya kushirikisha imani yako ya Kikatoliki kazini, mtaani na nyumbani bila kuwachosha watu

Wakatoliki wengi ninaowajua wakisikia neno uinjilishaji, yaani kuipeleka Injili kwa watu, wanawaza kipaza sauti stendi au kugonga milango ya watu Jumamosi asubuhi, afu wanajisemea hiyo kazi ni ya padre na katekista na masista, mimi simo. Basi wanakaa kimya kabisa. Unakuta mtu mmefanya nae kazi miaka mitano hujui hata anasali wapi, mpaka siku ya msiba wao ndo unaona padre amekuja unashangaa, kumbe fulani Mkatoliki! Kati ya kipaza sauti na ukimya kuna nafasi kubwa sana na ndo nataka tuiongelee, maana kwa nchi kama yetu ambapo umepanga nyumba moja na Muislamu, chumba cha pili Mlutheri, mbele yako mlokole, jinsi unavyoishi inaonwa na watu wengi kuliko homilia (mahubiri ya padre) yoyote ile.

Kwanza toa ile hofu ya kwamba hujasoma teolojia. Wamisionari wa Afrika, wale White Fathers, walifika Buganda, Uganda ya leo, 1879, mwaka 1882 mambo yakawa magumu wakaondoka wakavuka ziwa wakaja kukaa Bukumbi huku upande wa Mwanza, wakarudi 1885. Hapo katikati hamna padre hata mmoja kule, na bado imani ikaongezeka, kwa sababu vijana wa ikulu ya kabaka, yaani mfalme, na watu wa kawaida walikuwa wanafundishana sala na katekisimu wenyewe kwa wenyewe. Hao hao ndo baadae tukawapata kina Karoli Lwanga, mashahidi wa Uganda waliouawa kwa ajili ya imani, na mwaka 1886 Lwanga alipoona kifo kinakuja alimbatiza Kizito na wenzake kwa mkono wake, mlei, hana upadrisho wowote. Kwahiyo hiki kisingizio cha "mi sio padre" tukiache hapa hapa tuendelee.

Anza kwa kutoficha

Hii ndo hatua ya kwanza na kwa kweli ni nusu ya kazi yote. Hauhitaji kuanzisha mazungumzo ya dini, unahitaji tu kuacha kuficha vitu ambavyo tayari unavifanya. Jumatatu wenzako ofisini wakiulizana wikiendi imeendaje, wengi wetu tunasema "nilikuwa na mambo yangu" au "nilipumzika tu", wakati ukweli ni kwamba ulienda misa ya kwanza, afu ukapitia sokoni, mchana ukaenda jumuiya, kusali na Wakatoliki wenzako wa mtaani. Sema hivyo hivyo. "Nilienda misa ya kwanza, baada ya hapo nikapita sokoni nyanya zimepanda bei jamani." Misa inakaa kwenye sentensi pamoja na nyanya kwa sababu ndo ilivyo kwenye maisha yako.

Chakula nacho. Wakati sahani imefika weka kijiko chini, fanya ishara ya msalaba taratibu, ile kamili ya paji la uso, kifua, bega la kushoto, bega la kulia, sio kale ka kupunga mkono kama mtu anafukuza nzi, sali kimoyomoyo, malizia na ishara, kula. Usiwasubirishe wenzako, usiwaangalie kuona nani anakuangalia, usipandishe sauti. Na usiache kwa sababu leo umekaa na bosi. Rozari kwenye daladala hivyo hivyo, ishike mkononi mwako usali, foleni ya Mbagala inakutosha kumaliza mafumbo yote matano na ukabakiza muda.

Ukiona aibu mkumbuke Isidori Bakanja wa Kongo, ambaye ni mwenyeheri, yaani hatua moja kabla ya kutangazwa mtakatifu. Kijana alikuwa kibarua, akabatizwa 1906, akawa anavaa skapulari ya Bikira Maria, kale ka kitambaa kanakovaliwa shingoni, na kuwafundisha wenzake sala kwenye shamba la kampuni ya wakoloni. Akaambiwa aivue, akakataa, wakampiga mpaka vidonda vikamuua mwaka 1909, na Bakanja akamsamehe aliyempiga kabla ya kufa. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo II akamtangaza mwenyeheri. Yeye aligharimika maisha, sisi tunaogopa kuchekwa kantini.

Subiri uulizwe, afu jibu kwa ufupi

Ukiacha kuficha, maswali yatakuja yenyewe, na hapo ndo watu wengi wanaharibu, maana mtu ameuliza kitu kidogo unamshushia mafundisho ya kipaimara mwaka mzima. Acha niwape mfano wa kweli wa mazungumzo ya mezani, Ijumaa ya Kwaresima, mama ntilie ameleta sahani na dada mmoja Muislamu tunayekaa nae meza moja kaangalia sahani yangu.

"Leo maharage? Au mshahara umekata?"

"Mshahara upo dada yangu, leo Ijumaa ya Kwaresima hatuli nyama."

"Na kuku?"

"Kuku nae nyama. Samaki tunakula ila leo amewahi kuisha."

"Sasa kwanini Ijumaa?"

"Ndo siku aliyokufa Yesu. Tunajinyima kidogo kumkumbuka, na ile hela ya nyama tunaiweka pembeni tunamsaidia mwenye shida."

"Kumbe. Mi nilijua mnakatazwa tu."

Basi, ikaishia hapo, tukahamia kwenye habari za futari. Angalia majibu yalivyo mafupi, hakuna lililozidi sentensi mbili na kila moja limejibu alichouliza yeye, sio kile nilichokuwa natamani aulize. Mtu akitaka zaidi ataongeza swali, na asipotaka umemwachia kitu cha kweli kichwani badala ya kile alichokuwa anakidhania. Hapa pia inabidi wewe mwenyewe ujue sababu ya unachofanya. Kwa faida ya waliosahau, kutokula nyama kunawahusu waliofikisha miaka 14 na kuendelea, na kufunga, yaani Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kunawahusu wenye miaka 18 mpaka 59, wagonjwa hawamo.

Na Kwaresima yenyewe ni mlango mzuri sana kwa majirani zetu Waislamu, hasa miaka hii inavyogongana na Ramadhani. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 18 Februari na wenzetu nao wakaanza kufunga siku hizo hizo. Peleka uji au magimbi kwa jirani wakati wa kufuturu, mwambie "na sisi tupo kwenye mfungo". Mnaongea kuhusu Mungu kwa amani kabisa bila mtu kumshawishi mtu.

Maswali yanayojirudia

Swali namba moja mtaani, najua na wewe umeulizwa, ni "kwanini mnamuabudu Maria?" Usikasirike, anayeuliza mara nyingi kaambiwa hivyo kanisani kwao na hajawahi kumsikia Mkatoliki akimweleza. Jibu langu huwa ni hili: hatumuabudu, anayeabudiwa ni Mungu peke yake, Maria tunamheshimu na tunamuomba atuombee kama wewe unavyoniambia "niombee" ukiwa na shida. Afu namsalia Salamu Maria pale pale, polepole, maana wengi hawajawahi kuisikia yote mpaka mwisho, namwonyesha sehemu ya kwanza imetoka Luka 1:28 na 1:42, na sehemu ya pili inasema wazi "utuombee sisi wakosefu". Mtu aliyekulia kwenye Biblia akiona ni maneno ya malaika na ya Elizabeti anatulia. Kwa Muislamu swali haliji hivyo, wao wanamheshimu Bi Mariamu na sura ya 19 ya Kurani ina jina lake, ila usiitumie Kurani kumbishia mtu, kitabu chake anakijua yeye.

La pili ni kuungama kwa padre. Fungua Yohana 20:23, Yesu anawapa mitume mamlaka ya kuondolea dhambi, afu ongezea la kwako, kwamba ukitoka kwenye kitubio unajisikiaje. Hilo la kwako lina nguvu kuliko aya, hakuna anayeweza kulibishia.

Eti Wakatoliki hawasomi Biblia: kila Jumapili misa ina somo la kwanza, zaburi, somo la pili na Injili, kwa mzunguko wa miaka mitatu A, B na C. Lakini hapa tuwe wakweli, kama Biblia yako nyumbani ina vumbi jibu hilo halitakusaidia, kwahiyo jizoeshe kusoma Injili ya siku hata ukiwa umelala kitandani na simu mkononi.

Usilolijua sema "hilo silijui vizuri, ngoja nimuulize padre nitakwambia". Na kamuulize kweli, umrudie. Watu wanakumbuka aliyerudi na jibu.

Mtu anayetafuta ugomvi tu, ambaye kila ukijibu anaruka swali lingine, muache. Mwambie kwa heshima "kaka yangu hili tumeliongea, tuendelee na kazi". Mtume Petro alisema tuwe tayari kujibu kila anayetuuliza habari za tumaini letu ila kwa upole, na upole saa zingine ni kunyamaza.

Kazi yako inasema kabla yako

Huwezi ukaweka rozari kwenye kioo cha gari afu unamla abiria chenji yake. Papa Paulo VI aliandika mwaka 1975 kwamba watu wa leo wanawasikiliza mashahidi kuliko walimu, na hii tunaijua sote, mtaani hakuna anayesubiri kukusikia unaamini nini kama anajua unakopa hulipi.

Tunaye mtu wetu kabisa wa kumtazama, Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, Mswahili mwenzetu, alikuwa anafanya kazi ya kukagua bidhaa mpakani. Ukaja mzigo wa mchele ulioharibika, akapewa hela aupitishe, akakataa kwa sababu watu wangekula sumu, wakamteka na kumuua mwaka 2007, hajafika hata miaka thelathini. Juni 2025 akatangazwa mwenyeheri kule Roma. Hakuwa padre, hakuwa kwenye mimbari, alikuwa kazini na fomu zake. Sasa wewe ukiwa stoo, benki, hospitali, darasani, kwenye duka la dawa, unayo hiyo nafasi kila siku, na siku ukikataa "ya soda" na mtu akakuuliza kwanini, unaruhusiwa kusema ukweli kwamba imani yangu hainiruhusu. Sentensi moja.

Msibani na kwa mgonjwa

Hapa ndo imani yetu inaonekana kwa uzuri wake wote na ndo pa kuwekea nguvu. Kukiwa na msiba mtaani nenda mapema, wa dini yoyote. Usiende kukaa kwenye kiti, uliza sufuria ziko wapi, menya vitunguu, osha vyombo, beba maji, wanaume funga turubai na panga viti. Msiba wa Kiislamu mwanamke jifunike kichwa, rambirambi toa, utaratibu wao uheshimu, na usianzishe sala zako pale. Msiba wa Kikatoliki jumuiya ikianza rozari jioni, wale majirani wa dini nyingine waliokaa pembeni wote wanasikia, na mimi huwa naomba sana tusali kwa utulivu, tusikimbize kama tunawahi gari, maana kuna mtu pale ndo mara yake ya kwanza kusikia "sasa na saa ya kufa kwetu" na ana jeneza mbele yake. Yale maneno yanamgusa yenyewe hata bila wewe kumwambia chochote.

Afu usipotee baada ya mazishi. Wiki ya pili, wakati turubai zimeshatolewa na ndugu wamerudi mikoani, ndo mjane anabaki na nyumba kimya. Piga simu, pita na mkate, muulize amelalaje. Akitaka msali salini, asipotaka kaeni. Kumbukumbu ya marehemu ikifika mwambie umemuombea misa kwa nia hiyo, ukaitaje siku na saa ili akitaka aje.

Kwa mgonjwa Mkatoliki msaidie kumpata padre mapema. Watu wetu bado wanaogopa Mpako wa Wagonjwa, wanadhani padre akija na mafuta ndo basi tena, mpaka ndugu wanamzuia "msimtishe mgonjwa". Waelezeni kwamba ni sakramenti ya kumtia nguvu mtu anayeumwa sana, anayesubiri upasuaji mkubwa, au mzee aliyedhoofika, na anaweza kuipokea tena. Mgonjwa wa dini nyingine muulize tu, "ungependa nikuombee?", akisema ndio sali kwa maneno mafupi ya kawaida, akikataa msimulie habari za mtaani, utamuombea ukifika nyumbani.

Waliolegea

Nadhani kazi kubwa zaidi ipo ndani kwetu wenyewe. Kila ukoo una mtu aliyebatizwa, kapata komunyo ya kwanza na kipaimara, afu miaka kumi haonekani. Ukimchimba unakuta sababu ni chache, anaishi na mwenzie bila ndoa na anaona aibu kila mtu anapopanga foleni ya komunyo yeye kabaki amekaa, au aligombana na kiongozi, au alichoka na michango, jumuiya alizoenda ilikuwa ni kusoma majina ya wanaodaiwa.

Mtu wa namna hii ukimwanzia na "huonekani kanisani, utazikwaje?" umempoteza tena. Hicho kitisho cha kuzikwa tukiache kabisa, kinawaumiza watu na kinawafanya waone Kanisa ni bima ya mazishi. Mwanzie na yeye, habari za watoto, biashara, akikwambia kilichomkwaza msikilize mpaka mwisho bila kulitetea Kanisa kila sentensi. Kama kiongozi alikosea sema alikosea.

Wa uchumba sugu anahitaji taarifa. Wengi wanadhani ndoa ya kanisani ni ukumbi, keki, magari na kamati ya milioni kadhaa, wanaahirisha mwaka hadi mwaka wakisubiri hela. Waambie Kanisa halidai sherehe, linahitaji hao wawili walio huru kuoana, mafundisho, matangazo, padre na mashahidi wawili, na ndoa inaweza kufungwa asubuhi mkanywa chai mkarudi nyumbani. Wapo waliofunga wakiwa na watoto wanne na wajukuu, kanisa zima likawapigia vigelegele. Kama kuna ndoa ya nyuma au jambo gumu usijifanye hakimu, mwambie twende kwa paroko nikusindikize, na msindikize kweli, kaa pale nje kwenye benchi umsubiri, kwa sababu kinachowashinda wengi ni kuuvuka ule mlango wa ofisi ya parokia peke yao.

Nyumbani

Watoto wanajifunza kwa kukuona. Sala ya jioni iwe fupi, dakika kumi, mtoto aongoze fumbo moja, muulizeni anataka kumuombea nani, mtashangaa anavyomtaja mpaka mbuzi wa bibi. Mwenzi wako akiwa wa dhehebu lingine usimgeuze kuwa mradi wako, mpende, salini Baba Yetu pamoja maana hiyo ni ya wote.

Na hili nalisema kwa msisitizo, dada wa kazi au kijana wako wa dukani akiwa wa dini nyingine usimlazimishe rozari. Yupo kwako anategemea mshahara wako, hata akisema ndio haujui kama ni ndio ya moyoni. Mpe muda wa kusali yake, mlipe kwa wakati. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, mwaka 1965 ulilisema wazi kwamba mtu asilazimishwe kwenye mambo ya imani. Watoto wa jirani pia, usiwafundishe sala bila wazazi wao kujua.

Kwenye simu sina mengi. Weka Injili ya siku kwenye stetasi kama imekugusa, weka picha ya jumuiya mkicheka. Zile meseji za "tuma kwa watu 10 usiku huu utapata muujiza, ukipuuza utajuta" zifute, hazina uhusiano wowote na imani yetu hata kama zimewekewa picha ya Mtakatifu Antoni. Na kwenye gruupu la kazini au la wazazi wa shule usirushe mambo ya kanisa, watu waliingia pale kwa ajili ya kingine.

Ukifika wakati wa kualika

Siku moja mtu atasema "na mimi nitakuja siku moja nione". Usimwambie karibu tu, mpe siku na saa, "Jumapili saa moja asubuhi, nitakusubiri getini". Kaa nae katikati sio mbele, mnong'oneze lini tunasimama na lini tunapiga magoti, mpe kitabu cha nyimbo. Kabla ya komunyo mwambie mapema kwa upole kwamba anayepokea ni Mkatoliki aliyejiandaa, yeye anaweza kubaki amekaa anasali na wewe utarudi hapo hapo, ili asijikute kwenye foleni hajui afanye nini mbele za watu. Baada ya misa usimburuze kwenye kila chama, mnunulie chai, muulize ameonaje, nyamaza umsikilize.

Mara nyingine jumuiya ni rahisi kuliko misa kwa mtu mgeni, ni watu kumi au kumi na tano sebuleni kwa mtu, wanasoma Injili wanaongea. Maaskofu wa Afrika Mashariki miaka ya 1970 walizipa jumuiya ndogondogo kipaumbele ili Kanisa liwepo mtaani. Ila mualike siku ambayo hakuna ajenda ya michango, ongea na mwenyekiti kabla.

Akiamua anataka kuendelea mpeleke kwa katekista. Kama hajabatizwa ataingia ukatekumeni, yaani kipindi cha mafundisho kabla ya ubatizo, na kwa kawaida watu wazima wanabatizwa Mkesha wa Pasaka, kama ni Mlutheri au Mwanglikana aliyebatizwa kwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu habatizwi tena, ataandaliwa na kupokelewa. Anaweza akakuomba uwe msimamizi wake, na hapo uwe umefikisha miaka 16, umepata kipaimara na unaishi sakramenti, kwahiyo kama na wewe una jambo lako la kurekebisha na padre ndo muda wake. Uliza siku za mafundisho yake, wiki za kwanza nenda ukakae nae darasani, na jina lake liweke kwenye rozari yako kuanzia leo, hata kama itamchukua miaka kuamua au asiamue kabisa.